Mkebe Chini ya Kiti cha Mama

Nyumbani kwangu hakuna maziwa ya mkebe. Mume wangu ameshachoka kuuliza. Tunanunua ya pakiti, au yale ya mama mmoja anayepita asubuhi na dumu lake, na yakikosekana tunakunywa chai ya rangi bila kinyongo. Ukiniletea mkebe wa maziwa ya unga, ule mkubwa wa bati ambao kifuniko chake hubanduliwa kwa mpini wa kijiko, nitakushukuru sana, na ukishatoka tu nitampa jirani. Juzi jirani huyohuyo akanirudishia ukiwa mtupu, eti nitilie chumvi. Nikaupokea. Nikaugonga kwa ukucha nikasikia ule mlio wake. Nikakaa sakafuni, mtu mzima na mtoto mgongoni, chungu kikiungua jikoni.

Ninyi mliokuwa watoto Juba miaka ile ya vita mnajua tulivyoishi. Vita vilikuwa kaskazini, tuliambiwa, vita viko mbali. Sisi tulivijua kwa majina ya miji redioni, kwa sabuni iliyokatwa vipande vidogo zaidi, na kwa mfuko wa vyeti uliokaa nyuma ya mlango, ambao Mama hakutaka uguswe hata wakati wa kufagia. Siku nyingine risasi zililia upande wa mjini, tukaingia ndani, zikanyamaza, tukatoka kuendelea kufua. Mtoto huzoea upesi. Nilidhani kila nyumba duniani ina mfuko nyuma ya mlango.

Mvua zilikuwa zinaishia. Nyasi za kando ya barabara zilikuwa ndefu kuliko mimi, na matope ya uani yalikuwa yakikauka na kupasuka vipande ambavyo nilivivunja kwa kisigino kila asubuhi. Tulikaa Sherikat, ng'ambo ya daraja, ambako Baba aliuza saruji na mabati. Alikuwa na pikapu moja nyeupe iliyokuwa na rangi ya vumbi. Nyumbani tulisema Kiswahili, kwa sababu Baba ni mtu wa Magwi na Mama ni mtu wa Koboko. Walikutana Uganda kwenye ukimbizi, na lugha iliyowakutanisha ndiyo waliyonilea nayo. Mimi nilizaliwa hukohuko. Shuleni watoto walinicheka. Kiarabu changu kilikuwa cha kuokoteza, na kila nikifungua mdomo mtu alisema, "Huyo wa Uganda!" darasa zima likacheka. Nilitamani sana kuwa na kitu cha kuwaringia, kitu chochote. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililotuponza.

Wa nne pale nyumbani alikuwa Bibi, mama yake Baba. Alirudi nasi kutoka Uganda kwa ajili ya jambo moja tu. Mume wake, babu yangu, alikuwa fundi wa kujenga. Katika vita vya zamani, Baba akiwa bado mtoto, Babu alitia mwiko wake wa kujengea kwenye gunia, akaenda kazini, akakosa kurudi. Habari zilimfikia Bibi kwa mafungu matatu. Mmoja alisema amefia Rejaf, alikokuwa akitengeneza ukuta wa kanisa. Mwingine alisema amefia Gondokoro akitaka kuvuka mto. Wa tatu alisema alikimbia na wenzake mpaka karibu na Nimule, akaumwa tumbo njiani, akazikwa na watu waliokuwa na haraka. Bibi alitaka mifupa ya mume wake iletwe izikwe uani kwetu kabla yeye hajafa, ili apate kulala karibu naye. Hakutaka kingine. Ukimnunulia kitenge alikikunja akakiweka, akakuuliza habari za mifupa.

Mimi sikuambiwa. Kwetu mtoto hasimuliwi habari za maiti ambaye hajarudi nyumbani, wala jina la maiti huyo halitajwi mtoto akiwapo, kwa kuwa asiye na pa kulala humfuata mwenye damu changa. Kwa hiyo wakubwa walijua tunatafuta kaburi, na mimi niliambiwa tunakwenda kutembea. "Tukaone mambo ya zamani," alisema Baba. "Mtoto wa nchi hii lazima ajue historia yake." Nikafurahi. Tangu turudi hatukuwahi kwenda popote isipokuwa kanisani na kisimani.

Tulianza na Rejaf, Jumapili moja baada ya ibada. Nakumbuka kile kilima chenye ncha kilivyosimama peke yake, na kanisa la matofali mekundu, na ubaridi wa ndani, na harufu ya popo. Mama alitandika kitenge nje, akatoa mandazi na mayai ya kuchemsha. Baba hakula. Alizunguka kanisa lote polepole, mkono ukutani, akasimama penye kiraka cha lipu.

"Njoo uone," aliniita. "Aliyepiga lipu hii alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Unaona inavyopanda?"

Nikaangalia. Niliona ukuta.

"Umejuaje, Baba?"

"Nimejua tu." Akauweka uso wake karibu na ukuta ule, karibu sana, mpaka nikaona aibu kwa niaba yake, maana mlinzi wa kanisa alikuwa anatutazama. Kisha wakaondoka pamoja, Baba na mlinzi, kuelekea makaburini. Baba alibeba jembe dogo la mkono na mkebe mtupu wa maziwa ya unga. Walikaa huko mpaka jua likawa la kuuma, na Baba akarudi magoti yakiwa na udongo.

"Umepata?" Mama alimuuliza.

"Bado."

Nyumbani Bibi alikuwa chini ya rakuba yetu, kile kivuli cha miti na nyasi, akimenya karanga. Naye akauliza vilevile, "Umepata?" na Baba akajibu vilevile. Bibi akaendelea kumenya. Baba akaosha mkebe, akauanika juu ya nguzo ya uzio ukiwa umeinamishwa kichwa chini. Nilimuuliza Mama mkebe ule ni wa nini.

"Mambo ya watu wakubwa. Nenda kaoge."

Jumapili iliyofuata tulikwenda Gondokoro kwa mtumbwi wa injini. Mwenye mtumbwi alikuwa mtu wa maneno mengi. Alitusimulia habari za wageni wa zamani waliokaa pale kisiwani, waliorundika meno ya tembo kama kuni na kuwafunga watu minyororo. "Walikuwa na mali ya ajabu," alisema, akinikonyeza kwa jicho moja. "Homa ikawaua kabla hawajaondoka nayo. Wengine wanasema waliizika. Mpaka leo iko hapahapa chini." Nikamtazama Baba, na jembe lake, na mkebe wake. Ee! Kumbe! Baba yangu hakuwa mtu wa kupenda kuta mbovu, baba yangu alikuwa anatafuta hazina ya wazungu.

Basi kila kitu kikakaa sawa kichwani mwangu. Ndiyo maana walinong'ona nikipita. Ndiyo maana "umepata" na "bado". Pale Gondokoro Baba aliongea na wazee wawili wavuvi, akachimba mahali, akafukia, akachimba pengine, akafukia. Mimi nilikaa kwenye magofu ya matofali nikipanga matumizi. Baiskeli yangu. Viatu vyekundu vyenye kishikizo. Godoro la Bibi, maana alilala kwenye mkeka na kila asubuhi alilalamika kiuno. Na Jumatatu ya kwanza baada ya hapo, ningeingia darasani nimevaa vile viatu, halafu tuone nani atacheka.

Jioni ile Bibi alipoambiwa "bado" kwa mara ya pili, mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Mwanangu," alimwambia Baba kwa lugha yetu, "mimi nimeshafunga mizigo yangu. Nakusubiri wewe tu."

"Imebaki Nimule, Mama. Nitapata."

Nilidhani Bibi anataka kusafiri na pesa zake. Nilimwonea hata wivu kidogo, Mungu anisamehe.

Safari ya Nimule ndiyo iliyokuwa ndefu. Tuliondoka kabla jua halijatoka, tukapita Nesitu madereva wa malori wakipiga mswaki kando ya magurudumu, na mimi nimebanwa katikati ya Baba na Mama kwenye kiti cha mbele, magoti yakigonga gia. Kulikuwa na vizuizi vya barabarani, vingi, kila kimoja na watu wake. Baba alitoa vyeti, akatabasamu, akaita kila mtu "mkubwa wangu". Sikujua kama baba yangu anaweza kuwa mnyenyekevu namna ile. Tulilala Nimule kwa mteja wake mmoja, na asubuhi tukatembea mpaka kwenye maporomoko ya Fula, ambako Nili, mto wote ule mpana, unabanwa kwenye mwamba na kulia. Maji yalinirushia umande usoni. Baba alinishika mkono.

"Hapa wazungu walikwama," aliniambia. "Meli zao hazikupita."

"Ndiyo maana waliacha vitu vyao?"

"Vitu gani?"

Nikageuka kuangalia maji. Nilijivunia kujua siri na kuitunza. Afadhali ningeuliza tena.

Mchana Baba alimpata aliyekuwa akimtafuta. Alikuwa mama mmoja muuza samaki wakavu, mwembamba, mwenye jino moja la mbele. Alisema anamkumbuka fundi. Alikuwa msichana siku ile, naye alikuwamo kati ya waliokimbia. Alipanda nyuma ya pikapu na kapu lake la samaki, akatuelekeza kwenye barabara ya zamani iliyoota nyasi, mpaka kwenye mti wa mwegea, ule mti wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kwa kamba. Mama akafunga mlango wa gari na kuniambia nisishuke.

Niliona kwa vipande tu, katikati ya nyasi. Niliona Baba akilima, kisha akaacha kulima akapiga magoti, akawa anafukua kwa mikono. Akainua kitu. Akakisugua kwenye suruali yake, akakisugua tena, na sehemu moja ikang'aa kidogo. Kisha mabega ya Baba yakatikisika. Nikadhani anacheka.

"Amepata!" nilimwambia Mama. "Mama, amepata!"

Mama alinitazama kwa mshangao, akajifuta macho kwa pembe ya leso. "Ndiyo," alisema. "Amepata. Nyamaza sasa."

Nikadhani naye analia kwa furaha ya mali.

Kile kitu kilikuwa mwiko wa kujengea. Wale waliomzika Babu walimlaza nao kifuani, ndio uliowasaidia kukumbuka jina lake: fundi. Mpini wake ulikuwa umezungushiwa waya wa shaba. Bati lake lilikuwa limelika upande mmoja, upande ambao ungelika kwa mtu wa mkono wa kushoto tu. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile niliona Baba akija na mkebe ameukumbatia kwa mikono miwili, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa. Mama akauweka chini ya kiti chake, katikati ya miguu. Kisha tukamshusha yule muuza samaki, tukageuka kurudi Juba, na Baba akaanza kuimba. Baba yangu haimbi. Hata kanisani hutikisa midomo tu. Aliimba mpaka tulipokaribia Nesitu.

Alasiri hiyo kulikuwa na kizuizi kimoja zaidi ya vile vya kwenda. Kamba imefungwa kwenye mapipa mawili, vijana watano au sita, nguo zao nusu za kijeshi na nusu za nyumbani. Mpaka leo sijui walikuwa wa nani. Mmoja alimwita Baba nyuma afunue turubai. Mwingine, kijana mzuri tu, bunduki begani na ndala miguuni, akaja dirishani kwetu.

"Wewe naitwa nani?"

"Achan."

"Aa! Achan nasikia Swahili!" Uso wake wote ukachangamka. "Mimi pia ilikaa Uganda. Ilisoma kule Adjumani. Nyinyi natoka wapi?"

"Nimule," alijibu Mama. "Tulienda kutembea tu."

Kijana akatoa pipi mfukoni, akanipa. Nikaimenya, nikaitia mdomoni. Alikuwa mtu wa kwanza Sudani Kusini, nje ya nyumba yetu, aliyefurahi kunisikia nikiongea.

"Kutembea?" Akacheka, akawageukia wenzake. "Hii watu ya Uganda! Vita iko, wao natembea tu!" Wenzake wakacheka pia. Kicheko kilekile cha darasani, nilikijua. Kikanichoma.

"Si kutembea tu," nilisema. "Baba alichimba. Amepata hazina. Iko chini ya kiti cha Mama."

Mkono wa Mama ulinifinya paja, lakini ulikuwa umechelewa. Kijana hakuacha kutabasamu. Alisimama vilevile na tabasamu lake, akaita jina la mtu, na yule mtu akaja.

Baba alikimbia kutoka nyuma walipokuwa wameshautoa mkebe. "Hapana mali hapo!" alisema. "Wakubwa zangu, nawaomba. Huyo ni mzee wangu. Ni baba yangu, jamani, nampeleka nyumbani." Alisema kwa Kiswahili, akasema kwa Kiarabu, akasema kwa lugha yetu ambayo hakuna aliyeijua pale. Nami ndani ya gari nikasikia neno "baba yangu", na hapo nikaelewa yote kwa mara moja. Kiraka cha lipu. Mabega. Pipi ilikuwa bado mdomoni.

Walikata kitambaa kwa kisu, wakamimina. Mifupa haikuwa myeupe. Ilikuwa ya kahawia, kama mihogo mikavu, na michache, na ule mwiko ukaanguka juu ya lami ukalia. Wote wakarudi nyuma. Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Kisha yule mkubwa wao akapiga kelele, "Kujur! Huyu ni kujur!" yaani mchawi, na kwa kuwa walikuwa wameogopa mbele ya watu, wakakasirika. Walimpiga Baba kwa vitako vya bunduki. Nyuma yetu lori la mafuta lilikuwa linapiga honi, halijui kitu, lina haraka zake. Mkubwa akaishusha kamba, akalipungia mkono lipite.

Likapita. Lilipita juu ya mifupa ya Babu.

Mama alikuwa ameshuka, amekaa chini barabarani analia, gauni limemzunguka pande zote. Hakuna aliyejua kwamba ameukalia mwiko. Walimtia Baba kwenye pikapu yetu wenyewe, wakaondoka naye porini, na sisi tukapandishwa kwenye lori la vitunguu lililokuwa linakwenda Juba. Kijana wa Adjumani ndiye aliyeninyanyua kwa mikono yake. Hakunitazama. Ile pipi sikujua niiteme au nifanyeje, nikaimeza nzima, ikanikwaruza koo mpaka nyumbani.

Bibi alikuwa chini ya rakuba, na mara hii hakuuliza. Aliona tumeshuka wawili. Mama akampa mwiko. Bibi akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa bati, upande mzima, upande uliolika, akarudia.

"Ni yeye," alisema. Kisha, baada ya kusikia yaliyompata: "Nani aliwaambia?"

"Walipekua wenyewe," alisema Mama. "Waliona wenyewe, Mama."

Mama yangu alikuwa mtu wa sala. Sikuwahi kumsikia akidanganya kabla ya siku ile. Bibi alinigeuzia macho. Nikaenda nyuma ya choo, nikakaa huko mpaka Mama aliponifuata. Hakunipiga. Ningependa anipige, nawaambieni kweli. Alinisugua mikono kwa majivu kana kwamba nanuka, akaninawisha, akanipeleka ndani.

Baba alirudi baada ya siku tisa, kwa miguu, bila pikapu, amejikunja kidogo upande wa kulia kama mtu anayeficha kitu ndani ya shati. Hajanyooka mpaka leo. Hakulala kitandani usiku hata mmoja kabla ya kuomba lifti kurudi mahali pale na jembe lake. Jioni akaja mikono mitupu. Mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha. "Barabara ni safi," alimwambia Bibi. "Safi kabisa, Mama." Mimi aliniuliza kama nimekula.

Sasa, kwetu mtu akipotea kabisa, amezama au ameliwa na fisi, hutafutwa tunda la mwegea likazikwa badala yake. Bibi ndiye aliyeagiza. Tunda lilitoka mbali, upande wa Magwi, kwa dereva mmoja, ndani ya gunia. Refu kuliko mkono wangu, zito kama mtoto mchanga. Bibi aliliogesha. Akalivika shuka lake mwenyewe, lile alilojifunika, akauweka mwiko juu. Asubuhi ile walikuja majirani wachache na katekista aliyesali kwa sauti ndogo, maana hakuwa na hakika kama padri angeruhusu. Baba alichimba kaburi mwenyewe ingawa alikuwa anahema. Na desturi inasema abebaye awe mjukuu wa kwanza.

Nilisimama pale kwenye ukingo na lile tunda mikononi. Lilikuwa baridi. Baba alikuwa ndani ya shimo, mikono ameinua anipokee, uso wake karibu na magoti yangu. Bibi akaja nyuma yangu, akainama mpaka nikasikia pumzi yake ya tumbaku sikioni.

"Mwambie," alininong'oneza.

"Nini, Bibi?"

"Unajua."

Kumbe alijua. Tangu jioni ile alijua, na alimwacha Mama aone uongo wake umekubalika. "Babu," nilisema, "ni mimi niliyesema." Nilisema kidogo sana. Majirani hawakusikia. Lakini Baba alikuwa pale chini yangu, na mikono yake, iliyokuwa inakuja, ikasimama hewani. Kisha ikaja.

"Lete," alisema.

Katikati ya mwaka uliofuata vita vikafika Juba, havikuwa tena mbali, na mfuko nyuma ya mlango ukapata kazi yake. Tulipata nafasi kwenye lori. Bibi alikataa kupanda. Baba alimbeba, akajiteremsha. Alimbeba tena, Bibi akaishika nguzo ya rakuba kwa mikono miwili, mwanamke mzito ghafla kuliko saruji.

"Mimi nimefika," alisema. "Nyinyi nendeni."

Tulimwacha na mtungi wa maji na unga. Tulikimbia kwa barabara ileile, na karibu na Nesitu Mama alinifunika macho, nami nikahesabu mpaka mia. Miezi ikapita, tukiwa Uganda tena, dereva mmoja akatuletea habari kwamba majirani wamemkuta Bibi amefariki chini ya rakuba, wakamzika pale uani, kando ya kaburi la tunda. Kwa hiyo alilala karibu naye. Nimejaribu mara nyingi kuona hilo kuwa jambo zuri.

Mama tulimzika huku. Baba anakaa nami sasa, katika chumba cha nyuma. Si mzee wa miaka, ila anatembea kizee, na figo zinamsumbua. Ndiye aliyenikuta juzi sakafuni na ule mkebe, chungu kikitoa moshi. Alizima jiko kwanza. Kisha akautoa mkebe mikononi mwangu taratibu, akaenda kuuweka nje, akarudi akakaa chini sakafuni nami, jambo linalomuumiza ubavu. Mtoto alikuwa ameamka mgongoni kwangu, Baba akamshika kidole cha mguu.

"Achan," alisema, "mimi nikifa mnizike hapahapa. Nyuma ya jiko panatosha. Msinibebe kunipeleka kokote."

Nilimtazama. Huyu ndiye mtu aliyepapasa kuta za kanisa akimtafuta baba yake.

"Lakini nyumbani, Baba? Kando ya Bibi?"

"Hapana. Barabara ile ina watu." Akamwachia mtoto kidole, akaanza kuinuka, mkono mmoja ukutani, na alipofika mlangoni akasimama bila kugeuka.

"Si kwa sababu yako," alisema.

Sikuwa nimemuuliza.